Moto wa Nyika na Miti ya Singida

Leo nataka tuzungumze habari ya jambo mnalolijua sana kwa macho, lakini huenda hamjapata kuliuliza asili yake. Jambo hilo ni moto wa nyika. Kila mwaka, mvua ziishapo, majani marefu ya mbuga za Singida hugeuka rangi, kwanza kama shaba, kisha kama nywele za mzee. Hata ufikapo mwezi wa Agosti, jioni moja mtu hutazama upande wa Wembere au upande wa Itigi, akaona mstari mwekundu unatembea gizani. Asubuhi yake nchi ni nyeusi na majivu yanaruka na upepo. Watoto hufurahi, kwa kuwa panya na sungura wamekosa maficho. Mchungaji hufurahi, kwa kuwa majani mabichi yatachipua. Lakini mrina asali hushika tama, maana mizinga yake imeteketea.

Je, miti nayo hupata nini? Hilo ndilo swali letu la leo. Mahali pengine moto hupita mwaka baada ya mwaka, na miti ingali imesimama. Mahali pengine moto huo huo umeigeuza nchi kuwa majani matupu. Tena mahali pengine, pasipopita moto, vichaka vimeziba hata ng'ombe hapati njia. Wahenga walisema moto huzaa jivu, na ni kweli. Walakini moto wa nyika huzaa mambo mengine mengi, na historia ya nchi yetu yaonyesha hivyo.

Kwanza niwasimulie kisa kidogo. Nilipokuwa mtoto nilichunga mbuzi wa baba yangu. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, mimi na wenzangu tuliwasha moto ili tuwinde panya. Upepo ukautwaa ule moto, ukapita kilima kizima, ukaunguza mininga michanga iliyokuwa imefika magotini mwangu. Nilijua nitapigwa. Lakini baba hakunipiga. Kulipokucha alichukua jembe, akanipeleka mpaka penye kijiti kimoja kilichoungua, kilichokuwa chembamba kama kidole, akaniambia, "Chimba." Nikachimba, nikaona mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu, u mzima kabisa. Baba akasema, "Unaona, mwanangu? Mti huu una umri kukupita wewe. Kila mwaka moto huukata kichwa, nao kila mwaka huanza tena. Leo umeurudisha nyuma mwaka mwingine." Maneno yale sikuyasahau, na baadaye niliposoma vitabu vya wataalamu nikakuta habari ni hiyo hiyo.

Maana mti una njia mbili za kushindana na moto. Njia ya kwanza ni gome. Chini ya gome pana ngozi nyembamba yenye uhai, na hiyo ndiyo inayokuza shina. Ngozi hiyo ikipata moto wa nyuzi 60 hivi za sentigredi, hufa. Mti mkubwa wenye gome nene huikinga, kwa maana moto wa majani hupita upesi, na joto halipati nafasi ya kupenya. Lakini mche gome lake ni jembamba, nao huungua mara moja. Njia ya pili ni mizizi. Udongo hauruhusu joto kushuka sana. Vidole vichache chini ya ardhi mizizi hukaa salama, nayo huchipua tena mvua zinyeshapo. Hivyo moto mmoja mara chache huua miti ya nyika. Hukata shina tu, na mzizi husalia.

Basi ajabu ni hii: mti mchanga unaweza kukaa chini ya majani miaka kumi na zaidi, ukikatwa na kuchipua. Mninga hujulikana sana kwa desturi hiyo. Huweka akiba yake katika mzizi, mpaka upatikane mwaka mmoja au miwili ambayo moto haukupita, au ulipita kwa upole. Hapo huruka juu kwa haraka. Ukishafika kimo cha mita 2 au 3, ncha yake imepita juu ya ndimi za moto, nao umeokoka. Usipoipata nafasi hiyo, hubaki kijiti siku zote. Kwa hiyo mtu aonaye mbuga ya majani matupu asidhani kwamba hapana miti. Huenda msitu mzima umelala chini ya miguu yake.

Jambo la pili la kujua ni kwamba moto haulingani na moto. Mwezi wa Mei au Juni majani bado yana unyevu. Moto wake ni wa chini, hupita hapa ukaacha pale, na usiku umande huuzima. Lakini mwezi wa Septemba na Oktoba majani yamekauka kabisa, upepo ni mkali, na miti mingi ya miombo imekwisha kutoa majani mapya kabla ya mvua. Utomvu umepanda, na ile akiba ya mzizini imetumika. Moto wa wakati huo huupata mti katika udhaifu wake.

Wenzetu wa Zambia, ambayo zamani iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, walilipima jambo hili kwa subira kubwa. Mwaka wa 1933, karibu na mji wa Ndola, wataalamu wa misitu waliligawa eneo la miombo sehemu sehemu. Sehemu nyingine ilichomwa kila mwaka mapema, nyingine ilichomwa kila mwaka mwisho wa kiangazi, nyingine haikuguswa na moto hata kidogo. Miaka mingi ilipopita, tofauti ilionekana na kila mtu. Palipochomwa mwisho wa kiangazi miti ilizidi kupungua, majani yakatawala. Palipochomwa mapema miti ilidumu. Pasipochomwa kabisa, msitu uliziba, na vichaka visivyoweza kustahimili moto vikaota chini ya kivuli. Mvua ilikuwa moja kwa sehemu zote, hivyo tofauti ile ilikuwa kazi ya moto na majira yake.

Sasa tuingie katika historia yetu. Zamani za babu zetu, Wanyaturu, Wanyiramba na Wasukuma walikuwa na ng'ombe wengi na mashamba mapana. Palipokaa watu, vichaka vilikatwa kwa kuni na kwa maboma, majani yakaliwa na mifugo, na moto uliwashwa kwa shauri la wazee. Nyika ilikaa mbali na nyumba. Lakini kuanzia mwaka wa 1890 hivi, sotoka iliingia Afrika Mashariki ikaua ng'ombe wengi kupita kiasi, na nyati pamoja nao. Baada yake zikaja ndui, nzige na njaa. Kisha vita kuu ya mwaka wa 1914 mpaka 1918 ikaleta uchukuzi wa nguvu na njaa nyingine, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walikufa na wengine wakahama. Mashamba yakawa mahame.

Na mahame huota nini? Mwanzoni hayana majani marefu, maana udongo ulikuwa umelimwa au umelishwa sana. Pasipo majani moto hauna chakula, wala haupiti. Wala hapana mtu wa kukata miche kwa shoka, wala mbuzi wa kuitafuna. Hivyo vichaka vya miiba vikapata ile nafasi niliyoisema, vikaruka juu vyote pamoja. Navyo vilipokwisha kuziba, vikaleta mgeni mbaya: mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka na damu ya wanyama wa porini. Huua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na watu huwapa malale. Katika siku za utawala wa Waingereza ilihesabiwa kwamba karibu theluthi mbili za nchi ya Tanganyika zilikuwa za mbung'o. Nchi iliyokuwa malisho ikawa haina faida kwa mfugaji.

Ndipo akatokea mtu mmoja ambaye jina lake yafaa kulijua, Bwana Charles Francis Massy Swynnerton. Alikuwa Mwingereza aliyekaa kwanza Rhodesia ya Kusini kama mkulima, na huko alijifunza sana habari za ndege, wadudu na misitu. Mwaka wa 1919 aliwekwa kuwa msimamizi wa wanyama wa porini katika Tanganyika, na mwaka wa 1929 akawa mkuu wa kazi ya kuchunguza mbung'o. Mwaka wa 1923 aina moja ya mbung'o wa nchi zetu za miiba ilipewa jina lake na wataalamu. Heshima ya namna hiyo ni ya ajabu kidogo, kuitwa kwa jina la adui yako!

Bwana huyo alifikiri hivi: ikiwa kichaka ndicho nyumba ya mbung'o, na ikiwa moto mkali hukata vichaka, basi moto waweza kuwa silaha. Kazi aliianza Shinyanga, jirani zetu wa kaskazini magharibi, katika miaka ya mwanzo ya 1920, akisaidiwa na watemi wa Wasukuma na watu wao wengi. Shauri lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitenda. Mtu yeyote asiwashe moto mapema. Majani yaachwe yasimame, yakauke, yawe mengi kama kuni zilizopangwa. Kisha mwisho wa kiangazi, siku ikiwa ya jua kali na upepo, watu wapange mstari na kuwasha kwa pamoja. Mwaka wa 1925 aliandika habari za kazi hiyo, na ikasomwa katika nchi nyingi.

Matokeo yake yalikuwaje? Palipokuwa na majani mengi, moto ulifanya kazi, vichaka vikapungua. Lakini penye kichaka kilichokwisha kuziba, moto ulifika ukingoni ukafa, kwa sababu chini ya kivuli hapana majani ya kuushibisha. Vilevile penye mawe, na penye njia za ng'ombe. Kwa hiyo ilibidi watu waingie kwa mashoka, maelfu kwa maelfu, wakate kwa mikono kile ambacho moto ulikikataa. Tena vile visiki vilichipua, na kazi ikawa ya kurudiwa.

Swynnerton alikuwa mtu mwenye kuyasikiliza mambo yaliyotokea, wala si mtu wa kushikilia wazo lake tu. Alipoona hivyo akajaribu na kinyume chake: mahali pengine alizuia moto kabisa kwa miaka, ili kichaka kizibe sana, kwa maana yule mbung'o mwenye jina lake hupenda nchi ya miiba iliyo wazi kidogo, hapendi giza la kichaka kizito. Hivyo mtu mmoja, kwa ajili ya adui mmoja, alitumia moto mahali pengine na kuunyima nafasi mahali pengine. Mwaka wa 1936 alitoa kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki.

Pamoja naye alikuwapo Bwana Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea, aliyetembea sana katika nchi ya kati ya Tanganyika akiandika kila mti na kila kichaka, udongo wake na majirani zake. Burtt alijua kwamba huwezi kusema moto utafanya nini mahali fulani usipojua ni miti gani iliyopo na majani gani yaliyo chini yake. Mwezi wa Juni mwaka wa 1938 mabwana hao wawili walikuwa wakisafiri kwa ndege. Ndege ilianguka hapa petu, karibu na Singida, nao wote wawili wakafa. Kazi ya Burtt juu ya mimea ya nyika ilipigwa chapa mwaka wa 1942, yeye mwenyewe akiwa kaburini miaka minne.

Lakini jina la Burtt lingali limeota katika ardhi yetu. Nendeni Itigi, wilaya ya Manyoni. Huko kuna vichaka vya ajabu, vyenye kimo cha mita 3 mpaka 5, vilivyosongamana hata mtu hawezi kupita pasipo panga. Vinasimama juu ya udongo ulio na tabaka gumu chini yake. Vichaka vya namna hiyo viko pia Zambia ya kaskazini, karibu na ziwa la Mweru Wantipa, lakini kwingineko havipatikani. Ndani yake mna mmea mmoja ambao wataalamu wameuita Burttia, na mwingine uitwao Baphia burttii, yote miwili kwa kumbukumbu yake.

Vichaka vya Itigi ni fundisho zuri la habari yetu. Kiangazi hupukutisha majani yao yote, vikaonekana kama kuni kavu. Mgeni atadhani vitawaka kama baruti. Walakini moto wa nyika hufika ukingoni mwao ukasimama, kwa kuwa chini yao hakuna majani marefu. Vimejilinda kwa kivuli chao wenyewe. Lakini mtu akifungua kichaka hicho kwa shamba au kwa mkaa, kisha akahama, jua huingia. Na baada ya jua huingia majani, na baada ya majani huingia moto. Mlango uliofunguliwa kwa shoka, moto hukaa mlangoni hapo kila mwaka, usikubali ufungwe tena. Mimea ya humo haikuzoea moto kama mninga ulivyozoea. Ndiyo sababu moto ule ule usiomdhuru jirani huweza kumwua huyu.

Tukitaka kuona mzunguko huo kwa upana, na tutazame Serengeti. Sotoka iliwazuia nyumbu wasiongezeke kwa miaka mingi. Ng'ombe wa majirani walipochanjwa, ugonjwa uliwatoka nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati ule walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka wa 1977 walikuwa zaidi ya 1,000,000. Midomo hiyo yote ilikula majani ambayo hapo kwanza yalikuwa chakula cha moto. Moto ukapungua sana, na miche iliyokuwa imelala chini kwa miaka ikapata nafasi, ikawa miti. Hakuna mtu aliyeipanda. Hivyo chanjo ya ng'ombe ilizaa msitu, jambo ambalo aliyeshika sindano hakulitazamia.

Na Shinyanga je? Kazi ya kukata vichaka iliendelea miaka mingi, pamoja na mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Mbung'o waliondoka katika sehemu kubwa, na watu walifurahi. Lakini miti nayo iliondoka. Wanawake wakatembea mbali kwa kuni, na udongo ukachukuliwa na maji. Silaha iliyotengenezwa kwa adui mmoja ikawa imemjeruhi na mwenyeji. Mwaka wa 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wataalamu walianza kwa kupanda miche, kisha wakagundua kwamba Wasukuma wenyewe walikuwa na desturi ya zamani iitwayo ngitili, yaani kutenga malisho na kuyafunga wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Palipofungwa hivyo, mifugo na moto vikazuiwa, visiki vya zamani vilichipua. Yale yale niliyoyaona chini ya jembe la baba yangu! Kabla mpango haujamalizika, ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000.

Nasi wa Singida tuna mfano wetu. Msitu wa Mgori, ambao ni wa miombo, ulikuwa ukipungua kwa moto, kwa mkaa na kwa mashamba ya kuhamahama. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vitano vinavyouzunguka vilipewa wenyewe kuulinda. Wakaweka sheria zao na walinzi wao vijana, na moto ukapungua. Baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2002 ikaipa nguvu njia hiyo katika nchi nzima, nayo pia yakataza mtu kuwasha moto ovyo.

Sasa huenda mtu ataniuliza, "Mwalimu, wasema tuchome au tusichome?" Nami namjibu kwamba swali hilo peke yake halitoshi. Yapasa kuuliza kwanza: hapa pana mimea gani? Penye kichaka cha namna ya Itigi, moto usikaribie. Yapasa kuuliza tena: ni mwezi gani? Ikiwa wazee wa kijiji na viongozi wamekubali kwamba malisho yachomwe, basi yachomwe mapema, majani yakiwa na unyevu, jioni isiyo na upepo, na pembezoni pakiisha limwa njia ya kuzuia moto. Moto huo mdogo huondoa kuni za ule moto mkubwa wa Oktoba. Yapasa kuuliza mwisho: pamepumzika lini? Miche inahitaji miaka michache mfululizo ili ipite juu ya kimo cha moto. Kijiji chaweza kuigawa mbuga yake mafungu, fungu moja likapumzishwa kabisa miaka mitatu au minne mpaka miche imshinde mtu kwa urefu, kisha likapumzishwa jingine.

Nanyi wanafunzi, hapana haja ya kuniamini kwa maneno tu. Mwombeni mwalimu wenu ruhusa, mkachague mahali palipoungua mwaka huu, mkachimbe polepole penye kijiti kimoja cheusi. Pimeni unene wa kijiti na unene wa mzizi, mkaandike katika daftari. Kisha mfunike mzizi vizuri, mzungushie mahali hapo njia ya kuzuia moto, na mwakani mwende tena mkapime. Kwaherini.